Salama, Ila

Katika Kundi la Njia husema mmoja tu. Ukibonyeza kitufe cha simu ya njia ukapewa zamu, minara yote ya eneo lako inabeba sauti yako peke yako, na walinzi wote wa reli kutoka bondeni hadi mlimani wanakusikiliza, wapende wasipende. Ukiachia kitufe, zamu inarudi hewani na mwingine anaidaka. Ni mpango mzuri, sikatai, lakini binadamu tunajuana. Yuko anayebonyeza kabla hajajua anataka kusema nini. Yuko anayebonyeza akaanza kusimulia harusi ya mpwa wake. Na alikuwepo yule mlinzi mmoja wa bondeni, aliyelala na simu ubavuni, kitufe kikabanwa na mbavu zake, kundi zima likabaki kusikiliza mtu akikoroma.

Mchana ule ule, kwenye tambukareli ya Mtamba, lori la wavunaji wa alizeti lilizimika juu ya reli. Mlinzi wa pale alibonyeza, akabonyeza tena, akabonyeza huku analia. Hakupata zamu. Treni za Reli ya Nyanda hazina dereva siku hizi; zinasimama zikiambiwa, na ile haikuambiwa.

Baada ya mazishi ya Mtamba ndipo mhandisi Nakijwa Mshana alipomtengeneza Mgawaji.

Mgawaji hana uso wala mwili. Ni sauti tu ya mwanamke mtulivu, na masikio yasiyochoka. Ukibonyeza kitufe, kundi halikusikii kwanza. Mgawaji anakuvuta pembeni, anakusikiliza kidogo, anapima uzito wa neno lako. Likiwa zito, anakufungulia minara yote kwa kipaumbele cha dharura, mazungumzo mengine yote yanakatika na kila treni iliyo ndani ya eneo inafunga breki. Likiwa la kawaida, anakupeleka kituo kinachohusika. Kama hakuna neno, anafunga kimya kimya. Wabonyeze ishirini kwa pamoja, anawasikiliza ishirini kwa pamoja. Hakuna tena wa kukoroma juu ya roho za watu.

Jambo moja Nakijwa alilisimamia kwa ukali. Vijana wa ofisi walitaka mashine iseme "Eleza tatizo." Akakataa katakata. "Hawa ni watu wazima, wana wajukuu," aliwaambia. "Mnataka wahojiwe na mashine kama wezi wa kuku?" Basi Mgawaji akafundishwa adabu. Kila anayebonyeza huulizwa kwanza, kwa ile sauti laini: "Habari za njia?"

Masika mawili yakapita bila mtu hata mmoja kufa relini. Nakijwa alijisifu kwa hilo kimoyomoyo, na nani angemlaumu?

*

"Njoo usikie," alisema Kihwelo.

Kihwelo ndiye mkuu wa uendeshaji, na alikuwa amerudi asubuhi hiyo kutoka Iringa kumzika baba yake. Kitambaa cheusi bado kilibanwa kwa pini juu ya mfuko wa shati. Nusu ya ofisi ilikwenda msibani. Nakijwa hakwenda, alibaki zamu kwa sababu ya mvua. Alikuwa ameipanga pole yake vizuri kabisa, pole ya kukaa chini na kusema maneno. Lakini mkuu alishasema njoo usikie, na alikuwa amekwishageuka kuelekea kwenye mitambo. Pole ikasubiri.

Kihwelo aligusa kioo. Sauti ya Mgawaji ikatoka: "Habari za njia?" Ikafuata sauti ya mzee, nzito, yenye pumzi nyingi: "Salama." Kisha mlio mdogo wa kufunga, ule unaosikika ofisini tu.

"Ndiyo yote?" aliuliza Nakijwa.

"Ndiyo yote. Huyo ni Chidosa, mlinzi wa Korongo la Mhalala. Unajua kilichotokea Mhalala."

Alijua, nchi nzima ilijua. Maji yalikula tuta la korongo, na treni ya shaba isiyo na mtu ndani ikaingia hapo kwa mwendo wake wote. Nhonya, shemeji yake Chidosa, alikuwa ameikimbilia mbele akipunga shuka nyekundu, labda kamera zingemwona. Behewa la tatu lilimwangukia.

"Alipiga muda mfupi kabla ya ajali," Kihwelo aliendelea. "Akasema salama. Tuta linamong'onyoka miguuni pake, yeye anasema salama! Sasa anadai eti aliita akaeleza kila kitu. Alieleza nini na kwa nani? Neno ni moja, na sauti ni yake. Jumatatu kamati inakaa, na polisi wanatungoja sisi tu: uzembe uliosababisha kifo. Wewe ndiye shahidi wa mashine."

"Yeye yuko wapi?"

"Matangani. Kwa shemeji yake huyo huyo. Ebu fikiria."

Nakijwa aliomba aisikie tena ile sauti, akaisikia mara kadhaa. Kulikuwa na kitu kwenye ile "salama" kilichomkera, wala hakujua ni nini. Haikuwa na usingizi. Haikuwa na ulevi. Akaona si haki kumpeleka mtu jela kwa neno moja ambalo yeye mwenyewe, mtengenezaji wa mashine, halielewi. Akaomba kiberenge, kile kigari cha mafundi wa reli.

*

Kiberenge kilimshusha kwenye ukingo wa korongo asubuhi, mvua ikiwa imenyamaza. Mabehewa yalikuwa bado chini, yamelala ubavu kwenye mchanga mwekundu. Hakuyatazama sana. Njia nzima alikuwa akiyapanga maneno yake: atakwenda moja kwa moja kwenye hoja, hatazunguka, mzee amepatwa na mengi, hana haja ya kuzungushwa.

Turubai la msiba lilitandwa mbele ya nyumba ya marehemu. Wanawake walikuwa chini yake kwenye mikeka, na katikati yao Mama Mendo, mke wa Chidosa na dada wa marehemu, kichwa amekifunga kitenge. Alikuwa ameupa mgongo upande wa zizi la mbuzi. Na upande wa zizi la mbuzi ndiko alikokuwa Chidosa, juu ya kigoda, peke yake. Sahani ya ugali iliyowekwa karibu naye ilikuwa imeletwa na jirani. Mkewe hakuwa amempelekea chakula tangu siku ya maziko.

Nakijwa alikwenda moja kwa moja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, karibu sana. Habari za Dodoma?"

"Nzuri tu, baba."

"Kazi inaendelea?"

"Inaendelea vizuri, tunashukuru."

"Wazazi hawajambo?"

"Hawajambo kabisa. Ila nimekuja kwa jambo zito."

Hapo akayasikia aliyoyasema mwenyewe. Aliyatazama maneno yake kama mtu aliyeona nguo zake mwenyewe zimeanikwa kwa jirani. Nzuri tu! Ametoka mjini na kesi ya jela mkononi, ajali iko nyuma ya mgongo wake, mzee mwenyewe amefiwa, na yeye anasema nzuri tu, wazazi hawajambo kabisa. Na hakuwa amedanganya. Mzee naye hakudanganyika. Alikuwa ametulia akiisubiri ile "ila," kwa sababu kila mtu mwenye akili zake huisubiri.

"Baba," alisema, "nieleze ulivyoita. Kila neno."

Chidosa alikunja kiganja kana kwamba kimeshika simu. Simu yenyewe walikwisha kumnyang'anya. "Nilibonyeza. Yule binti akaniuliza habari za njia."

"Binti gani?"

"Huyu wenu. Mwenye adabu. Nikamjibu, salama. Ila maji yamekula tuta huku Mhalala, reli inaning'inia, simamisheni treni zote. Nikamweleza na mahali penyewe, upande wa juu wa kalvati la maji. Nikarudia mara mbili."

"Akakujibu nini?"

"Alinyamaza."

"Na wewe ukafanyaje?"

"Nikaendelea kumweleza. Mtu akinyamaza wakati unamweleza shida, si ndiyo anakusikiliza?" Alimtazama Nakijwa usoni, akitaka kweli kujibiwa. "Nhonya akaniambia, mbona treni inavuma? Nikamwambia tulia, nimeshaongea nao, wamenisikia. Alipokuja kuona haipunguzi mwendo akachomoka. Mimi miguu hii haikimbii."

Chini ya turubai wanawake walikuwa wanasikiliza.

"Kwa nini hukuanza na maji, baba?" Nakijwa aliuliza, na hapo hapo akalichukia swali lake.

"Nimrushie mtu balaa usoni? Mtoto wa watu kaniuliza vizuri, nami nimpigie ukelele? Mtu unampa kwanza nafasi ya kukaa, mwanangu. Ukimshtua, yanayofuata hayasikii. Hata hao askari walionijia juzi walianza na za asubuhi."

Mama Mendo alikuwa amesimama. Alikuja hadi nusu ya uwanja, akaishia hapo, hakumtazama mumewe. Alimtazama Nakijwa.

"Binti, wewe ni mtu wa mashine. Nieleze kitu kimoja tu, sihitaji vingi. Mume wangu aliita, hakuita?"

Jibu alikuwa nalo mdomoni. Lakini akauona ukumbi wa kamati, akamwona Kihwelo, akaiona mvua yote iliyobaki angani na treni zote zilizo njiani, akasema sentensi ya kiofisi: "Bado tunachunguza, mama."

Mama Mendo alitikisa kichwa kidogo. Akarudi kwenye mkeka, akaupa mgongo upande wa zizi kama mwanzo.

*

Hakuhitaji kuchunguza sana. Alijua alipoharibu. Wakati wa kumfundisha Mgawaji, walikusanya maelfu ya sauti za walinzi, na mashine ilitaka vipande vifupi, safi. Nakijwa mwenyewe ndiye aliyesema vikatwe pale jibu la kwanza linapoisha, kwa sababu hapo ndipo palikuwa na kituo kizuri cha pumzi. Salama, nzuri, njema, hatujambo, vyote vikawekwa kapu moja: hali shwari, funga. Wale ambao Mgawaji aliwaokoa ni wale waliopatwa na hofu hadi adabu ikawatoka. Mtu mzima aliyejikaza, akakusanya pumzi ili aeleweke vizuri, huyo alifungiwa mlango.

"Basi waache salamu," alisema Kihwelo. Walikuwa ofisini kwake Ijumaa mchana, mlango umefungwa. "Waseme 'dharura,' wamalize. Ni jambo dogo hilo."

"Nimejaribu, mkuu."

Kweli alijaribu. Alimpigia mlinzi wa mnara wa tatu akamweleza taratibu: ukiulizwa habari, usijibu salama, anza na shida. Mlinzi akaelewa kabisa, akashukuru, akasema teknolojia kweli imekua. "Haya tujaribu," alisema Nakijwa. "Tuseme ng'ombe wamelala relini. Habari za njia?" Na yule bwana akajibu kwa furaha: "Salama, mama!" Alibadilisha hata swali la Mgawaji, likawa "Sema." Walinzi wakalisikia, wakaona binti leo ana hasira, wakamsalimu wenyewe kwa upole zaidi.

Kihwelo hakucheka. "Sawa. Mfundishe upya."

"Mpaka kiangazi. Sauti inabidi zikusanywe zote upya, nzima nzima."

"Basi mpaka kiangazi ataendelea hivi hivi alivyo."

"Mkuu, anawakata watu wakiwa wanatuambia ukweli!"

"Anawakata wangapi, na anaokoa wangapi? Hujui. Mimi pia sijui. Waliookoka hawaji kamati kutoa ushahidi, Nakijwa, wako makwao wanakula. Wewe unataka nizime, mvua hii, na treni za abiria zinapita kila siku? Turudi kwenye zamu ya anayewahi? Wewe ndiye uliyeniambia kuhusu yule mlinzi wa Mtamba, alivyobonyeza huku analia. Hukulala wiki nzima."

Hapo alimpata. Mkuu hakuwa mtu mbaya wala hoja yake haikuwa mbaya. Angekuwa mtu mbaya kazi ingekuwa rahisi.

"Na Chidosa?" aliuliza.

"Hatafungwa, nitasimamia hilo. Ataachishwa tu, kimya kimya. Anakaribia kustaafu hata hivyo."

"Mkewe hamwangalii usoni. Anaamini mumewe alilala, kaka yake akafa."

Kihwelo alifikicha macho. Alionekana amechoka, uchovu wa mtu aliyetoka kushika jeneza. Nakijwa aliikumbuka ile pole, akaona si wakati wake, wanagombana. Akatoka.

Jumamosi na Jumapili zilimpita akiwa anabishana na kichwa chake. Akimtetea mzee, Mgawaji anazimwa, na kama Mtamba ikirudi damu ni juu yake. Akinyamaza, Mgawaji anabaki, na Chidosa anakula ugali wa jirani hadi afe. Alijaribu kuweka pande zote mbili kwenye mizani, na kila mara alipofika mahali pa kuamua alimwona yule mzee akiuliza kwa dhati: mtu akinyamaza, si ndiyo anakusikiliza?

*

Kamati ilikaa kwenye ukumbi wa chakula, meza zimesogezwa. Kihwelo alikuwa mwenyekiti, kulia kwake Bi Tunu wa bima, kushoto mwakilishi wa walinzi. Chidosa alikalishwa mbele, amevaa koti. Mama Mendo alikaa nyuma kabisa, benchi la mwisho, pamoja na ndugu wa marehemu.

Sauti ikachezwa. "Habari za njia?" "Salama." Mlio. Bi Tunu akaandika. Mama Mendo akainamisha kichwa.

"Mhandisi Mshana," alisema Kihwelo, "mashine ilikosea?"

"Haikukosea, mwenyekiti. Ilifanya kama nilivyoifundisha."

Minong'ono. Chidosa akafumba macho.

"Kwa hiyo ilisikia sawasawa, mzee akasema hali ni salama."

"Ilisikia sawasawa." Nakijwa alikuwa amejiandaa kueleza mambo ya minara, vipande vya sauti na kapu la hali shwari. Maneno yote yakamtoroka. Akakiona kitambaa cheusi juu ya mfuko wa shati. "Mwenyekiti, naomba nikuulize swali moja."

"Uliza."

"Habari za nyumbani, mkuu?"

Kihwelo hakutegemea. Akajibu kama mtu yeyote aliyelelewa na watu. "Salama. Ila—"

"Asante," alisema Nakijwa, akainua mkono juu. "Anayefuata."

Ukumbini hakuna ambaye hakujua kilichotaka kufuata baada ya ile "ila." Wengine walikuwa wamebeba udongo wa lile kaburi. Mkono wa Kihwelo ukapanda wenyewe hadi kwenye kile kitambaa.

"Iandikwe," Nakijwa aliendelea, "kwamba nyumbani kwa mwenyekiti hakuna tatizo lolote. Amesema mwenyewe. Neno ni moja, na sauti ni yake."

Bi Tunu aliweka kalamu chini. Kisha nyuma kabisa benchi lililia. Mama Mendo alisimama, akakifungua kitenge kichwani, akakifunga upya taratibu, akatembea katikati ya ukumbi mzima. Alifika mbele, akakaa karibu na mumewe, bega kwa bega. Chidosa alikuwa bado amefumba macho, lakini machozi yalipita hivyo hivyo.

"Mzee Chidosa aliita," Kihwelo alisema hatimaye, kwa sauti iliyokwaruza. "Iandikwe hivyo. Arudishiwe simu yake." Akamgeukia Nakijwa, na macho yake hayakuwa na urafiki. "Na Mgawaji?"

"Naomba azimwe leo."

"Mtamba ikirudi?"

"Sijui, mkuu. Nitakaa mwenyewe kusikiliza. Sina jibu lingine."

*

Wakamzima. Kisha ikaanza kazi ya kuchosha ambayo haina sifa. Eneo moja kubwa lilikatwa vipande, kila kundi likabaki na minara michache, ili mtu akiganda na kitufe awazibe wenzake wachache na si bonde zima. Kila kundi likapewa mtu wa kusikiliza, mtu mwenye nyama na damu, mwenye uwezo wa kumpokonya zamu aliyezidisha. Hawakutosha. Nakijwa akachukua kundi la Mhalala mwenyewe, akakaa mbele ya ubao wa taa, kila taa ni mlinzi mmoja anayesubiri kusema.

Lahaula, watu wanaongea! Siku ya kwanza alisikia mambo ya mbuzi, ya magoti, ya bei ya mahindi, na katikati yake reli iliyolegea kwa maji. Siku ya pili mlinzi mmoja aliacha simu kwenye kiti, mtoto akaikalia, na treni ya abiria ikakaribia kivuko bila habari zozote hadi Nakijwa alipoinyakua zamu. Haikutokea kitu, lakini ingeweza. Alijua kwamba ingeweza, na alikwenda nyumbani na hilo.

Alasiri ya siku ya tatu mvua ilishuka tena. Taa ya Mhalala ikawaka. Mara ikawaka ya jirani yake, na nyingine ya tatu. Akafungua ya Mhalala.

"Habari za njia, baba?"

"Salama," alisema Chidosa.

Taa mbili zilikuwa zinapepesa. Kidole cha Nakijwa kilikuwa juu ya kitufe cha kufunga, kimeshafika chenyewe. Akakiondoa.

"Ila?"

"Njia iko imara, tuta jipya limeshika, mwanangu, nimeipita yote kwa mguu. Ila nina neno. Nimeambiwa yule bwana mkubwa alikuwa amemzika baba yake."

"Ndiyo, baba."

"Nawe ulimkatiza mfiwa akiwa anataka kusema. Mbele za watu."

"Ilikuwa kwa ajili yako, baba."

"Najua. Mama Mendo ananipikia sasa, kwa sababu yako. Sitakusahau." Mvua ilisikika ikipiga bati upande wake. "Lakini haikuwa vizuri. Nenda kampe pole. Haya, wape na wengine zamu."

Akaachia kitufe. Nakijwa alifungua taa ya pili: mti umeangukia waya, si relini. Ya tatu: mtu anaulizia mshahara. Alimaliza zamu yake, akamkabidhi mwenzake kiti, akapanda ngazi.

Kihwelo alikuwa peke yake, dirisha wazi, anaitazama mvua. Hawakuwa wamezungumza tangu kamati, zaidi ya mambo ya kazi. Alipomwona mlangoni alidhani kuna ajali, akainuka nusu.

"Habari za nyumbani, mkuu?" alisema Nakijwa.

Kihwelo akarudi kukaa.

"Salama," alisema.

Nakijwa alivuta kiti, akaketi mbele yake, akaweka mikono mapajani.

"Ila?"